Majukumu: wingi unaoficha jukumu lenyewe

Mtu aliyekuwa kimya kwa wiki kadhaa akirudi hewani, huhitaji kubashiri sana ujumbe wake wa kwanza: "Samahani ndugu yangu, ni majukumu tu." Nawe kwa adabu humwulizi ni majukumu gani, unamwambia "pole na majukumu", naye anakujibu "tumeshapoa", na mazungumzo yanaendelea kana kwamba maelezo yametolewa. Neno hilohilo utalikuta katika barua ya kiongozi anayeomba radhi kwa kutofika kwenye mahafali, katika hotuba ya kumkaribisha mtumishi mpya, na katika taarifa za utenguzi ambamo aliyeondolewa huambiwa kwamba atapangiwa majukumu mengine, ambayo mara nyingi hatuyasikii tena. Sina ugomvi na salamu, kwa kuwa salamu ina kazi yake. Ninachokilalamikia ni kwamba wingi huu usiohesabiwa umelilegeza neno ambalo katika umoja wake lilikuwa na makali, hata neno ambalo mtu alijifunga nalo limekuwa neno la kujitetea.

Katika kamusi nyingi jukumu hufasiriwa kwa wajibu, na wajibu kwa jukumu, nasi tunayatumia kwa kubadilishana bila kusita. Lakini sikiliza vitenzi vinavyoambatana nayo. Jukumu hubebwa, hukabidhiwa, watu hutwishana, na mwoga hulikwepa. Ni mzigo uliotoka kwa mtu mmoja ukatua kwa mwingine, na siku moja unaweza kutuliwa. Wajibu hutimizwa. Sijasikia mtu akikabidhiwa wajibu siku ya Jumatatu na kuurudisha siku ya Ijumaa. Hata sarufi inalishuhudia hilo: jukumu lina wingi wake, majukumu, lakini wajibu hubaki ulivyo, uwe mmoja au uwe mwingi, na atakayejaribu kuuwekea kiambishi cha ma- atajikuta na majibu, ambayo ni habari nyingine kabisa.

Mwalimu wa shule ya msingi anatupatia mfano mzuri. Kufundisha hisabati ni kazi yake, kwa sababu ndiyo aliyoajiriwa aifanye na ndiyo anayolipwa mshahara. Kuwa mwalimu wa darasa, au mwalimu wa zamu wiki hii, ni jukumu, kwa kuwa amepewa na wiki ijayo atapewa mwenzake. Kutomdhalilisha mtoto mbele ya wenzake ni wajibu, na hakuna ratiba ya zamu inayomwondolea. Mwalimu huyo akituambia kwamba ana majukumu mengi, amevirundika vitu vitatu vyenye uzito tofauti katika kapu moja, nasi hatujui tumpunguzie kipi.

Wajibu tuliupata kutoka Kiarabu, na katika mwambao haujawahi kujitenga mbali na darasa la fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ambako mwanafunzi hufundishwa tangu utotoni kupambanua kilicho faradhi au wajibu na kilicho sunna, mubaha (kinachoruhusiwa tu), makruhu (kinachochukiza) au haramu. Kwa hiyo mtu aliyelelewa katika elimu hiyo anapolisikia neno wajibu husikia amri ambayo haikutoka kwa msimamizi wa ofisi. Jukumu lilipita njia nyingine. Linahusishwa na jokham, neno la Kigujarati na Kihindi linalomaanisha hatari ya kupata hasara, na limekaa katika ukoo mmoja na maneno ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi kama hundi, laki na bepari. Kwa matumizi hayo ya zamani, aliyesema kwamba shehena inasafiri kwa jukumu lake hakuwa akijisifu kuwa ana shughuli nyingi. Alikuwa akisema kwamba jahazi likizama, hasara ni yake.

Sidai kwamba asili ya neno ndiyo iamue matumizi yake ya leo, maana tukienda kwa njia hiyo nusu ya msamiati wetu itabidi irudishwe bandarini. Nasema tu kwamba maana ile ya zamani bado inaishi mitaani, hata pale ambapo neno lenyewe halitajwi. Mtazame kijumbe wa upatu, yaani msimamizi wa mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu. Wanachama kumi wanachanga kila wiki na mmoja anapokea. Siku ambayo mmoja aliyekwisha kupokea anazima simu na kuhama mtaa, macho ya wote humgeukia kijumbe, naye huziba pengo kwa fedha zake ili mchezo usivunjike. Hakuna mkataba ulioandikwa wala cheo kilichotangazwa, lakini kila aliyeingia katika mchezo anajua jukumu ni la nani. Ukilinganisha na kamati ya harusi ambayo kila mjumbe wake ana majukumu na ukumbi ukakosekana wiki mbili kabla ya sherehe bila mtu wa kuulizwa, utaona ninachokisema: katika kamati ile kuna orodha ya shughuli, na hakuna jukumu hata moja.

Ofisi zetu zimeulea ulegevu huu kwa maandishi. Soma tangazo lolote la ajira, hasa za utumishi wa umma nchini Tanzania. Baada ya vipengele vilivyopangwa vizuri, cha mwisho karibu kila mara ni kufanya kazi nyingine kadiri mtumishi atakavyopangiwa na msimamizi wake. Naelewa sababu yake, kwa kuwa hakuna mwajiri anayeweza kuorodhesha kila kitu, na mtumishi anayekataa kusogeza kiti kwa hoja kwamba hakimo katika orodha naye ni kero. Hata hivyo kipengele hicho kisicho na mpaka ndicho kinachomfanya mhasibu awe mpiga picha wa mikutano, na mwisho wa mwaka akiulizwa kwa nini hesabu hazijafungwa, anajibu kwa haki kabisa kwamba majukumu yalimzidi.

Siasa yetu, kwa upande wake, imelifanyia neno wajibu jambo la ajabu ambalo mimi nalipenda. Kutokana nalo tumepata kuwajibika, na Tanzania kitenzi hicho kimechukua maana mahususi: waziri akitakiwa bungeni awajibike, kila msikilizaji anaelewa kwamba anatakiwa ajiuzulu. Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Ali Hassan Mwinyi, ambaye mwaka 1977 aliuacha uwaziri wa Mambo ya Ndani kutokana na vifo vya watuhumiwa waliokuwa wakishikiliwa na vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ingawa si yeye aliyewatesa wala hakuwapo. Miaka minane baadaye alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Hiyo ndiyo maana ya jokham ikiwa imevaa vazi la Kiarabu: waliokosea ni wengine, lakini shehena ilikuwa inasafiri kwa jina lake. Katiba ya Tanzania nayo, katika ibara ya 53, inazungumzia uwajibikaji wa Serikali na kusema kwamba mawaziri huwajibika kwa pamoja bungeni. Hilo ni jema, ila nimeona mara nyingi kwamba neno "kwa pamoja" likitamkwa, kila mmoja humtazama aliyekaa kushoto kwake.

Nyumbani ndiko neno hili linakoumiza zaidi. "Mtu wa majukumu" ni sifa kubwa katika mazungumzo yetu, humaanisha anayelipa ada, anayetuma fedha za dawa kwa mama yake kijijini na kuwasomesha wadogo zake, na sifa hiyo anaistahili. Lakini "majukumu ya kifamilia" hutajwa pia na yule asiyeonekana nyumbani mwezi mzima, na hapo Kiswahili kimetuwekea mtego mdogo, kwa sababu herufi mbili tu zikibadilishana nafasi, kutekeleza hugeuka kutelekeza. Nimesoma zaidi ya mara moja taarifa za maandishi zinazompongeza mtu kwa "kutelekeza majukumu yake kikamilifu", na sikuwa na hakika kama mwandishi alikosea au aliamua kusema kweli.

Sheria haikuridhika na wingi huo wa jumla. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamtaka mume amtunze mkewe, na inamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume aliyeshindwa kujimudu kwa maradhi ya mwili au ya akili, jambo ambalo wanaume wengi niliozungumza nao huwa hawalijui. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imempa mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imekwenda mbali zaidi kwa kuvitaja vitu vyenyewe: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na mwongozo, hata haki ya kucheza na kupumzika. Kwa hiyo mzazi aliyeitwa kwa afisa ustawi wa jamii anaweza kuanza kwa kusema kwamba ana majukumu mengi, na pengine ni kweli, lakini atakachoulizwa baada ya hapo ni ada ya muhula huu ililipwa na nani, na mtoto alikula nini jana.