Nimekuja Kulipa, Naambiwa Kuna Adhabu

Asubuhi hii, hata uso sijanawa, ujumbe umeingia mara mbili. Wa kwanza: "Mambo kumi ya kukutoa kwenye madeni." Wa pili, kutoka kwenye programu ya mikopo: "Hongera! Kiwango chako kimepandishwa." Hongera ya nini? Nimepata mtoto? Nimefaulu mtihani? Mtu kaniongezea uwezo wa kudaiwa, halafu ananipongeza!

Nikausoma ule wa kwanza, maana mimi ni mtu mzima, na mtu mzima hakatai kushauriwa. Jambo la kwanza: andika kila senti unayotumia. Sawa, hilo lina maana, tena si geni. Wajapani wana daftari lao la matumizi ya nyumbani, kakeibo, lililoanzishwa na mwanahabari Hani Motoko mwaka 1904, na hadi leo wapo wanaoliandika. Nami ninalo langu. Ukurasa wa kushoto mapato, wa kulia matumizi. Wa kushoto una mstari mmoja juu, chini yake mweupe pee, mtoto anaweza kuchorea. Wa kulia nimeshaanza kuandika kwa wima pembezoni, na kuna deni moja limepanda mpaka kwenye jalada.

La pili: acha kununua usivyovihitaji. Nilishaacha kabla huyo mshauri hajaota meno.

La tatu ni ule mgawanyo wa 50, 30 na 20. Umeenezwa na Elizabeth Warren, kabla hajawa seneta kule Marekani, yeye na binti yake, mwaka 2005: kipato ukishatoa kodi ya serikali, nusu iende kwenye mahitaji, asilimia 30 kwenye unavyovitamani, 20 kwenye akiba na madeni. Hesabu nzuri, simvunjii heshima mama wa watu. Ila kwangu mahitaji yanachukua 90 yakiwa yamebanwa, ninavyovitamani nimeviambia visubiri nje, na hiyo 20 sijui itoke kwenye mshahara wa nani.

La nne: jilipe kwanza. Yaani mshahara ukiingia, kabla hujamlipa mtu yeyote, tenga chako. Nimejilipa kweli. Kufika katikati ya mwezi nikajikopa. Sasa najidai, na mdaiwa mwenyewe ni msumbufu, kila nikimkumbusha ananiambia mwisho wa mwezi. Ndiyo maana wanaojua wanakwambia makato yapite moja kwa moja, pesa iende mahali ambapo mkono wako haufiki. Mkono wangu nao umekuwa mrefu siku hizi.

Hayo yote nilivumilia. Kilichonichefua ni jambo la saba: "Lipa mkopo wako mapema, uokoe riba." Enhe! Mimi nimekwenda. Juzi tu.

Nilikuwa nimepata vijisenti vya ziada, halali kabisa, nikasema hapana, safari hii namalizana na hawa watu. Nikavaa shati la mikono mirefu. Aliyekuja kukopa utamjua, hukaa kwenye ncha ya kiti, makaratasi mapajani, anacheka hata pasipochekesha. Mimi niliegemea. Nikakunja nne.

Afisa mikopo ni kijana mdogo, mstaarabu, tai imembana shingo.

"Karibu mzee wangu. Tukuongezee?"

"Nimekuja kulipa."

"Rejesho la mwezi huu?"

"Lote lililobaki."

Kijana akaacha kubofya. Akageuka nyuma, akaita kwa sauti ya chini, "Dada, kuna mzee hapa anataka kumaliza." Alivyolitamka utadhani anaomba machela. Dada akaja, akanitazama, akauliza kama kuna huduma yoyote iliyoniudhi. Fomu za kuomba mkopo zimejaa mezani, rundo limeegemea kompyuta. Fomu ya kufunga mkopo iko kwenye droo ya mtu aliye likizo, na ufunguo kaondoka nao.

Ikabidi tupige hesabu kwenye karatasi tupu. Deni langu halisi ni siri yangu na Mungu wangu, basi tuseme nilikopa laki moja, kila mtu aweke sarafu anayoipenda. Riba asilimia 10, mwaka mmoja, marejesho 12. Laki na elfu kumi ukigawa kwa 12, kila mwezi ni 9,167 hivi. Nimeshalipa sita, yaani elfu hamsini na tano. Kijana akaandika salio: 55,000.

Nikakohoa kidogo, kile kikohozi cha kiutu uzima. "Mwanangu, hapo si umeweka na riba ya miezi sita ijayo? Miezi ambayo sitakuwa na pesa yenu?"

"Riba yetu inahesabiwa mwanzoni, mzee. Juu ya mkopo wote."

"Kwa hiyo nikilipa leo au nikilipa kwa miezi sita, ni ileile?"

"Hapana mzee." Nikapumua. "Ukilipa leo kuna adhabu ya kufunga kabla ya muda. Asilimia 3 ya salio."

Akabonyeza kikokotoo, kile ambacho alama ya kujumlisha imefutika kwa kubonyezwa, ila ya kutoa bado inang'aa. Elfu moja mia sita hamsini. Jumla 56,650.

Jamani. Nikichelewa kuna faini. Nikiwahi kuna adhabu. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini hawakusema ukiwahi matangani unatozwa kiingilio!

Nikashusha ile nne. Nikamwambia, tuelewane. Mwezi wa kwanza nilikuwa na laki yenu nzima, mnidai riba ya laki, haki yenu. Lakini kila rejesho linarudisha na kipande cha mtaji. Mwezi wa 12 mkononi nina elfu nane na kidogo, na bado riba inatembea na laki nzima! Ukichukua mwaka wote, kwa wastani nimekaa na pesa inayozidi nusu kidogo tu. Kwa hiyo hiyo asilimia 10 mliyoibandika mlangoni kwa maandishi manene, ukiipigia juu ya salio linalopungua, inakaribia 18.

"Na bado sijagusa ada ya kushughulikia mkopo," nikasema, "na bima, mlizozikata kabla sijapewa. Nimelipia riba pesa ambayo sikuwahi hata kuinusa."

"Lakini mzee ulisaini." Akafungua mkataba ukurasa wa nne, kipengele kimeandikwa kwa herufi kama mayai ya chawa. Sahihi yangu ipo. Na siku ile nilikiuliza kipengele hichohicho, nikajibiwa, "Hiyo ni lugha ya kawaida tu, mzee."

Hapo sauti ikanitoka. Heshima niliyoingia nayo sijui niliiacha kwenye kiti gani. Nikageuka, kumbe benchi zima limenyamaza linanisikiliza. Mama mmoja akainua karatasi yake: "Baba, na mimi nisomee ya kwangu." Nikasoma. Asilimia 10, lakini kwa mwezi! Nikamwuliza kama anajua. Anasema aliona kumi, akajua kumi ni kumi. Kumi kwa mwezi bila kulimbikiza ni 120 kwa mwaka, mama! Benchi likasogea. Kijana mwingine anataka kujua riba yake ni ya mtaji wa mwanzo au ya salio. Mwingine anauliza, ukiwahi kulipa wanakata au wanaongeza? Maswali mazuri sana, yenye wakati wake, na wakati wake ni kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mlinzi akaja, akaniinamia kwa adabu kubwa: "Mzee, tunaomba usitoe huduma humu ndani."

Mwishowe yule kijana mwenyewe, akiwa amelegeza tai, akaninong'oneza kwamba kwa mkataba wangu ni nafuu niendelee taratibu mpaka mwisho. Nikarudi nyumbani na pesa zangu. Na pesa ikisharudi nyumbani haifichiki. Kabla ya jioni kila mwenye shida alikuwa ananiulizia hali, na hali yangu mbona walikuwa hawaiulizii?

Halafu kuna ile hesabu ya 72. Mtawa wa Italia, Luca Pacioli, aliiandika mwaka 1494: chukua 72, gawa kwa riba, unapata muda wa pesa kuongezeka maradufu. Akiba yangu ikipewa asilimia 4 kwa mwaka, itakuwa maradufu baada ya miaka 18. Deni la yule mama, likiachwa lijilimbikize kwa asilimia 10 kwa mwezi, miezi saba na siku chache tu limekuwa mawili. Watu wanalijua hili kwa zaidi ya miaka 500, na mimi naambiwa nizime taa nikitoka chumbani.

Kuhusu deni lipi litangulie, wataalamu wenyewe wanagombana. Wapo wanaosema anza na dogo, ulifute, upate moyo. Wengine wanasema anza na lenye riba kubwa. Hesabu iko upande wa hawa wa pili, haina ubishi. Mimi naanza na la yule anayejua ninapolala.

Udhamini ndiyo sitaki hata kuusikia. Mdhamini ni mtu anayelipa pesa aliyoila mwenzake, tena mwenzake huyo akikuona barabarani anavuka upande wa pili.

Na hivi mmeona picha za hawa washauri? Wote wamekunja mikono kifuani. Nyuma yao meza haina bili hata moja, haina chaja ya kushikiliwa kwa pembe ndiyo iingize umeme. Meza safi vile ni ya mtu asiyefungua barua. Huyu wa leo mkononi kavaa kidude cha kuhesabu hatua. Hatua zangu zinahesabiwa na soli. Nilikiulizia dukani kidude hicho, wanacho, kwa awamu, riba sifuri. Bei ya awamu imezidi ya taslimu kwa mbali. Nikamwuliza binti, kama riba ni sifuri, hiki kilichozidi ni nini?

"Ni gharama ya huduma, baba."

"Huduma ipi?"

"Ya kukusubiri."