Fundi aliyetoka gerezani mikono mitupu

Tarehe 9 Desemba 2019, kwenye sherehe za Uhuru jijini Mwanza, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Wengi tulishangilia idadi. Mimi nawaza kila mmoja wao alivuka geti ameshika nini.

Kazi gerezani wanafundishwa, tusiwanyime Magereza haki yao. Kiwanda cha viatu cha Karanga, Moshi, kinajulikana, na kwingine kuna useremala, ushonaji na kilimo. Mtaani kwetu alirudi kijana kutoka gereza la mbali, fundi viatu aliyeiva. Ukimpa kiatu anakigeuza mara moja, anakuonyesha kidole pale kitakapoachia. Lakini alirudi na mfuko wa nailoni wenye suruali moja na kandambili. Sindano hana, gundi hana, hata kigoda cha kukalia hana. Akaishia kwenye kibarua cha zege, siku wanapomhitaji.

Serikali ikimpa vifaa, kuna mama hapa aliyevunjiwa duka atauliza: mwizi anapewa mtaji, na mwanangu aliyemaliza chuo cha ufundi cha VETA bila kugusa cha mtu apewe nini? Swali lake ni zito. Kumwambia kodi yake ndiyo imnunulie mwizi vifaa ni kumtonesha kidonda, na sioni haki ya kumlaumu akikasirika.

Ila kijana yule viatu alishona miaka yote ile, na viatu viliuzwa. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa alipwe ujira wa haki kwa kazi yake, na sehemu ya ujira huo itunzwe na gereza, akabidhiwe siku anapotoka. Hapo ndipo ninapoegemea. Akiba hiyo ni jasho lake, haimnyimi kitu kijana wa VETA. Tena fungu jingine lingeweza kwenda kwa aliyeibiwa, naye mama yule apate cha kushika.

Ugumu upo. Serikali inataka magereza yajilishe, na kila shilingi ya akiba inatoka kwenye mauzo hayohayo yanayonunua unga. Mimi ningeanza na fungu dogo, la kutosha nauli, sindano, uzi na gundi. Wazee na wagonjwa wasioweza kufanya kazi akiba hiyo haitawafikia. Kwa hao sioni njia nyingine, ni sisi jamaa zao kwenda kuwapokea getini.