Maneno manne kwenye kanga

Juzi nilimsindikiza dada yangu sokoni Darajani kutafuta doti ya kanga. Rangi hakuziuliza. Muuzaji akikunjua upande tu, macho ya dada yanakimbilia chini ya mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, penye jina, yale maneno yaliyoandikwa. La kwanza akaguna. La pili akacheka, akasema akilivaa hilo jirani hatamwitikia salamu. Mwisho akachukua MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Sikumuuliza anamkusudia nani. Maneno manne tu, na mtaani kwetu kuna mtu ataipita kanga ile kwenye kamba na usiku usingizi usimjie.

Wiki hiyo hiyo jirani kaniletea barua yake ya ofisi niitengeneze (ukishasifika mtaani kuwa unajua kuandika, umekwisha). Ukurasa na nusu. "Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu kukusalimu na kukutakia kila la kheri katika majukumu yako mazito..." Bomba lenyewe lililopasuka nililikuta aya ya nne. Nikamwandikia: "Bomba limepasuka mbele ya nyumba yetu tangu Jumatatu. Maji yanaingia ukumbini. Tunaomba fundi." Akaisoma mara mbili. "Mbona kama tunagombana nao?"

Ndiyo khofu yetu hiyo. Huku kwetu humwombi mtu hata kiberiti kabla hujauliza habari za watoto, na mimi naipenda adabu hiyo, barazani. Kwenye karatasi hakuna wa kukujibu "nzuri". Kuna mtu na rundo la barua, analitafuta bomba.

Na wazee waliotufundisha salamu ndefu ndio hao hao waliofunga ushairi kwa mizani. Mshororo wa utenzi una mizani 8. Wa shairi kwa kawaida 16, vipande viwili vya 8. Ukizidisha silabi moja, wenye masikio wanakusikia. Basi mtunzi analishika kila neno na kulihoji: wewe umekuja kufanya nini hapa? Mwenye kanga ni vivyo hivyo, nafasi ya jina ni ile ile, kitambaa hakimrefukii mtu.

Na jirani tulisuluhishana: salamu mstari mmoja, kisha bomba. Sikushinda kabisa.

Lakini kukata nako kuna kwake. Kaka yangu wa Pemba aliwahi kuniandikia neno moja: "Njoo." Napiga, simu imezimwa. Sikulala. Asubuhi nikapanda boti, mpaka bandari ya Mkoani nawahesabu wagonjwa wa ukoo wetu mmoja mmoja. Nafika, namkuta juu ya mkarafuu, ananipungia mkono. Alikuwa na upungufu wa wachumaji! Ule haukuwa ufupi, ulikuwa uvivu. Alilitupa neno lenye habari, akabakisha amri.

Nilimsema sana siku ile. Msimu huu kanitumia tena, safari hii matatu: "Njoo. Karafuu tu."