Panda Kutoka Chini: Seti ya Topps ya 1955 na Ulevi wa Nyota

Wengi wanaoanza seti ya kadi za besiboli za miaka ya 1950 huanzia juu. Wananunua kadi ya nyota kama Clemente, wanafuatisha Koufax, fedha zinakata, na wanabaki na kadi tano za kujivunia na mapengo 200. Mimi nashikilia kinyume chake. Seti iliyopimwa, yaani ambayo kila kadi imekaguliwa na kampuni kama PSA, ikapewa gredi ya 1 hadi 10 na kufungwa ndani ya kasha la plastiki lenye lebo, ijengwe kuanzia kadi zisizo na jina lakini ngumu kupatikana, na ikishakamilika iboreshwe kwa kuinua ile iliyo dhaifu kuliko zote. Nyota ambaye tayari anapendeza anaweza kusubiri.

Nachukua seti ya 1955 ya kampuni ya kadi ya Topps kwa sababu ni ndogo, ambayo mtu mwenye mshahara wa kawaida anaweza kuimaliza. Ina kadi 206, ingawa namba zinafika 210. Namba 175, 186, 203 na 209 hazikutolewa kamwe, na badala yake 170, 172, 184 na 188 zilichapwa mara mbili. Mgeni asiyejua hilo ataisaka 175 mpaka aote mvi. Mickey Mantle, nyota mkubwa wa enzi hizo, hayumo. Kadi yake ya mwaka huo ni ya Bowman, kampuni ambayo Topps iliinunua mwaka uliofuata. Kukosekana kwake ni nafuu kubwa kwa mfuko. Waliomo wanatosha: Ted Williams namba 2, Hank Aaron 47, Jackie Robinson 50, Willie Mays 194, na kadi za mwaka wa kwanza za Sandy Koufax (123), Harmon Killebrew (124) na Roberto Clemente (164).

Kadi zenyewe zimelazwa kwa upana: sura kubwa ya mchezaji, kando yake picha ndogo akiwa mchezoni, saini iliyochapwa, na pambizo nyeupe pande zote nne. Kipimo ni inchi 2⅝ kwa 3¾, yaani takriban milimita 67 kwa 95. Kipimo cha leo cha inchi 2½ kwa 3½ kilianza na Topps ya 1957. Kwa hiyo kifuko cha plastiki cha kadi za kisasa hakifai. Ukiisukuma kadi ya 1955 ndani yake, pembe mbili za chini zinavunjika hapo hapo, na iliyokuwa 6 inageuka 4. Agiza vifuko vilivyoandikwa kipimo cha 2⅝ kwa 3¾.

Kabla ya kununua hata moja, amua gredi ya seti nzima. Kwangu ni 6 ya PSA, kadi chache za bei kubwa zikiruhusiwa kuwa 4 au 5. Katika 6 pembe zimechoka kidogo tu na uso bado una mng'aro. Katika 8 unalipa mara kadhaa zaidi kwa tofauti ambayo, kasha likiwa rafuni, huioni bila lenzi. Chini ya 5 ndipo mikunjo inapoanza kuzoeleka, kwani hata mkunjo mwepesi kwa kawaida huishusha kadi hadi 4 au chini zaidi. Wapo wanaofurahia seti za gredi 3 na siwalaumu. Lakini changanya 3 na 8 katika sanduku moja uone: zile 3 zinaonekana chafu kuliko zilivyo, na zile 8 zinaonekana kama zimekuja kutembea.

Baada ya hapo anza na namba 161 hadi 210. Kadi zilitolewa kwa mikupuo, na huu ndio mkupuo wa mwisho wa msimu. Ukitoa zile nne ambazo hazipo, ni kadi 46. Kadi za mikupuo ya mwisho zilifika madukani msimu ukielekea ukingoni, watoto wamepunguza kununua, kwa hiyo zilizobaki ni chache. Humo ndimo walimo Clemente, Mays, Gil Hodges (187), Phil Rizzuto (189), Yogi Berra (198) na Duke Snider (210), lakini usiwaangalie kwanza. Tafuta wale wengine ambao hata shabiki wa Marekani hawakumbuki. Hao ndio watakaokuchelewesha, kwa sababu hakuna anayejisumbua kuwatangaza mnadani. Kadi 151 hadi 160 nazo ni adimu kidogo. Namba 1 hadi 150 zimejaa tele na zinaweza kungoja, isipokuwa wachezaji wa Brooklyn Dodgers. Timu hiyo ilitwaa World Series, fainali ya ubingwa wa besiboli Marekani, mwaka huo huo wa 1955, na mashabiki wanaokusanya Dodgers peke yao watashindana nawe hata kwa kadi isiyo na thamani kwingine.

Ununue zilizokwisha pimwa au upeleke mwenyewe? Kwa kadi za kawaida hesabu haina ubishi. Ada ya PSA kwa kadi moja huzidi dola 20, bado posta na bima. Kadi ya kawaida ya 1955 ya gredi 5 au 6 mara nyingi huuzwa ndani ya kasha kwa bei inayokaribia ada hiyo peke yake, maana yake aliyeipeleka alikula hasara. Mwache aile yeye. Kupeleka mwenyewe kuna maana kwa nyota, kwa kadi adimu za mkupuo wa mwisho, na kwa kadi unayoamini itafika 7 au zaidi.

Sasa pambizo, ambako ndiko ninakogombana na lebo. Chukua rula yenye milimita. Tuseme kushoto pambizo ina milimita 3, kulia milimita 1.5. Jumla ni 4.5, na 3 ndani yake ni theluthi mbili, yaani 67 kwa 33. PSA huruhusu 65 kwa 35 upande wa mbele kwa gredi 8, 70 kwa 30 kwa gredi 7, 80 kwa 20 kwa gredi 6 na 85 kwa 15 kwa gredi 5. Kadi hiyo basi imekosa 8 kwa unywele, hata pembe zake zikiwa kali kama wembe, na inastahili 7. Ukirudi kwenye kiwango cha 6 utaona tatizo: 80 kwa 20 ni pambizo moja kuwa nene mara nne kuliko mwenzake, na bado lebo inasema 6 sawasawa na kadi iliyokaa katikati kabisa. Zikikaa pamoja, mtoto mdogo atakuonyesha ipi mbaya. Kwa hiyo 5 iliyokaa katikati, kwangu, inaishinda 6 iliyoegemea upande, na mara nyingi bei yake ni ndogo.

Zipo pia herufi za kasoro zinazofuata namba: OC kwa picha iliyohama katikati, ST kwa doa, PD kwa kasoro ya uchapaji, MK kwa alama ya kalamu. Rejista ya seti ya PSA, orodha ambako wakusanyaji hushindanisha seti zao kwa alama, hupunguza gredi mbili kwa kila kadi yenye herufi hizo, hivyo 8 yenye OC huhesabiwa 6. Muuzaji atakuambia umepata pembe za 8 kwa bei ya 6. Mwachie. Unapopeleka kadi yako unaweza kuomba isipewe herufi, na wao watashusha gredi yenyewe. ST yenye doa la nta upande wa nyuma pekee ndiyo ninayoweza kuivumilia, kwa sababu kadi ziliuzwa ndani ya karatasi yenye nta pamoja na chingamu, na doa la namna hiyo halionekani ukitazama mbele.

Rejista hiyo inahitaji kueleweka, vinginevyo itakuendesha. Kila kadi ina uzito wake, nyota wakiwa na uzito mkubwa, na kadi usiyokuwa nayo ni sifuri. Tuseme Clemente ana uzito wa 8 na kadi ya kawaida uzito wa 1. Kumpandisha Clemente kutoka 5 hadi 6 kunakuongezea alama 8, sawa kabisa na kupandisha kadi 8 za kawaida gredi moja moja. Kisha tazama bei: tofauti kati ya Clemente wa 5 na wa 6 inaweza kununua makumi ya kadi za kawaida za gredi 6. Hata kwa sheria za rejista yenyewe, anayepanda kutoka chini anapanda kwa bei nafuu. Wanaomkimbilia Clemente wanafanya hivyo kwa ajili ya picha ya kutuma kwa marafiki.

Gharama ya hatua moja haikokotolewi kwa kutoa bei ya zamani kutoka bei mpya tu. Kwa mfano unanunua 6 kwa dola 60 ukiwa na 5 ya dola 30. Ukiiuza ile ya zamani eBay, mtandao unakata karibu asilimia 13, unabaki na 26. Bahasha na posta vinakula 5, unabaki na 21. Hatua hiyo imekugharimu 39, wala si 30. Kwenye nyumba za mnada kuna nyongeza ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20, hivyo ukipanga kutoa 60, dau lako la mwisho ni 50. Weka yote haya kwenye jedwali la Excel: namba, gredi, namba ya cheti, uliyolipa, na safu moja ya kukadiria pambizo kwa jicho lako. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuonyesha kadi 20 dhaifu, na orodha ya kununua imekwisha jitengeneza.

Njia ya bei rahisi ya kupanda imejificha kwenye makasha ya zamani. PSA ilianza kutoa nusu gredi mwaka 2008. Kadi iliyopimwa kabla ya hapo haikuwa na nafasi ya 5.5, ilikuwa 5 au 6 basi. Ukiona lebo ya zamani juu ya 5 yenye pambizo sawa na pembe nzuri, inunue kama 5, kisha uombe ikaguliwe upya ikiwa ndani ya kasha lake. Wakiona inastahili wanaipandisha. Wasipoona inarudi kama ilivyokwenda, umepoteza ada. Kadi iliyo kwenye kasha la SGC au la Beckett, kampuni nyingine za upimaji, nayo inaweza kupelekwa ikiwa na kasha lake, ukitaja gredi ya chini kabisa utakayoikubali.

Kuvunja kasha ili kadi ipimwe upya kama haijawahi kupimwa ni mchezo mwingine. Wengine hukata pembe ya kasha kwa koleo, wakaingiza bisibisi bapa na kuizungusha mpaka plastiki ifunguke. Linalokwenda kombo mara kwa mara ni bisibisi kuingia kina kuliko ilivyokusudiwa na kugusa ukingo wa kadi, au kipande cha plastiki kuruka na kukwaruza uso. Hata ukiitoa salama, hakuna anayekudai gredi uliyokuwa nayo. Visu vya kiwandani vya 1955 havikukata kadi zote sawa. Zipo zilizozaliwa fupi, na mpimaji wa leo anaweza kuikataa kwa kipimo kidogo au kuishuku kuwa imekatwa ukingo. Uliingia na 6, unatoka na kadi isiyo na namba. Kwa kadi za kawaida sioni sababu ya kuthubutu.

Jambo jingine kuhusu kuvunja: kunapotosha ripoti ya idadi. PSA huchapisha ni kadi ngapi imezipima katika kila gredi, na ni nyenzo nzuri ya kujua ni zipi adimu. Lakini kadi ile ile ikivunjwa na kurudishwa mara tatu, na lebo za zamani zisirejeshwe, inahesabiwa kama kadi tatu. Hilo hutokea zaidi kwa nyota. Kwa kadi za kawaida idadi ni ya kuaminika zaidi, na hapo ndipo ripoti inapokufaa.

Ukinunua kadi isiyopimwa, beba lenzi ya kukuza mara 10. Maandishi meusi ya kadi halisi ni wino mzito uliojaa. Kwenye nakala za baadaye herufi hizo zimeundwa kwa vidoa vidoa. Iinamishe kadi chini ya taa moja ukiitazama kutoka ubavuni, maana mikunjo myembamba haionekani ukitazama kwa juu. Kisha ilinganishe na kadi nyingine za mwaka huo: ukingo mmoja ukiwa mweupe mbichi huku mitatu imefifia, umekatwa. Kwa zilizo ndani ya kasha, hakiki namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha, halafu tazama kingo za kasha. Ukungu mweupe kwenye mshono unaashiria limefunguliwa na kugandishwa tena.

Zinabaki mbili za kuwekea akiba ya fedha na subira. Namba 1 ni Dusty Rhodes wa New York Giants, shujaa wa World Series ya 1954, na namba 210 ni Snider. Watoto walipanga kadi kwa namba na kuzifunga kwa mpira wa kufungia noti, kwa hiyo ya juu na ya chini ndizo zilizokatwa na mpira na kusuguliwa na kila kitu kilichopita. Rhodes ni mchezaji wa kawaida mwenye bei isiyo ya kawaida katika gredi za juu, sababu ikiwa hiyo tu. Kwake tafuta 5, ukague katikati ya kingo ndefu kama kuna kibonyeo cha mpira. Kwa Snider angalia pambizo kwanza, pembe baadaye. Ukikuta 5 ambayo pande zote nne zinakaribia kulingana, ichukue kabla ya 6 iliyoegemea, hata kama muuzaji wa ile 6 anapunguza bei.