Bendi ya roki Unguja: tunatafuta wanachama, hatutafuti vibarua

Anayetaka kuanzisha bendi ya roki hapa Unguja akianza kwa kuwasaka wapenzi wa roki, atazunguka kutoka Malindi mpaka Chukwani na atarudi na watu wa kuzungumza nao tu. Wapo wanaovaa fulana zenye nembo za bendi za Uingereza na Marekani, wapo wanaojua habari za kila albamu, na nawapenda, maana mapenzi hayo hayo ndiyo yaliyonifikisha mimi kwenye gitaa. Lakini bendi inataka wapigaji. Na wapigaji tunao, wengi kuliko tunavyodhani, ila hawapigi roki na hakuna aliyewahi kuwauliza kama wangependa. Nasema waulizwe. Na wakiulizwa, waitwe wawe wanachama, wasiitwe kama vibarua.

Hili la uanachama linaniuma, kwa sababu kisiwa hiki kilishajua zamani namna ya kukusanya watu wakapiga muziki bila ya mtu kuahidiwa malipo. Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905, Culture Musical Club ikaja 1958, na zote mbili ni klabu. Wengi waliopita katika vilabu vya taarab walikuwa na kazi zao mchana. Jioni walikutana, wakafanya mazoezi, wakabishana juu ya maneno ya wimbo, na siku ya pili wakarudi. Shughuli ya harusi ikipatikana, kinachoingia kinagawiwa. Isipopatikana, mazoezi yapo pale pale.

Leo kijana mpigaji analelewa na hoteli. Anapigiwa simu mchana, jioni yuko Nungwi au Paje mbele ya wageni wanaokula, anapiga zile zile nyimbo za kuwakaribisha watalii, analipwa, anapanda gari anarudi mjini. Simlaumu hata kidogo. Ana kodi ya nyumba na ana watoto. Ila aliyejifunzia kazi humo, ukimwambia njoo tuanzishe bendi, swali lake la kwanza ni "Tunapiga wapi, na kwa kiasi gani?" Bendi ya ridhaa haina jibu la swali hilo kwa muda mrefu, pengine mwaka mzima. Kwa hiyo aambiwe siku ya kwanza, uso kwa uso, wala si kwa ujumbe wa simu: malipo hakuna, kuna ada ndogo ya kila mwezi ya kununulia nyuzi na kulipia umeme, vyombo vya pamoja ni mali ya wote, na wimbo tutakaoutunga ni wetu sote. Atakayeondoka baada ya kusikia hayo amekupunguzia ugomvi wa baadaye. Atakayeuliza mazoezi ni siku gani, huyo mshike.

Sasa pa kutafuta. Mimi ningeanza na kidumbak, ule muziki wa fidla, sanduku na ngoma ndogo ziitwazo vidumbaki, kabla ya pahala pengine popote, na mpiga besi wetu tumemtoa huko. Anayepiga sanduku ana kasha, mti na kamba moja tu. Anaivuta kamba na kuilegeza, anaitafuta sauti kwa sikio, na hana alama yoyote ya kumwonesha pa kuipata. Mtu kama huyo ukimpa gitaa la besi lenye nyuzi nne na vyuma vilivyopangwa shingoni, umempa chombo chepesi kuliko alichozoea. Wetu alihitaji muda wa kukomaza vidole tu, kwa sababu uzi wa chuma unakata ngozi. Masikio alikuja nayo, na kubwa zaidi alikuja na ile adabu ya kumsikiliza mpiga ngoma kabla hajapiga lake. Nimewasikia wapiga besi waliosoma nota miaka na hawana adabu hiyo.

Mpiga dramu ndiye anayesumbua, na anasumbua kila mji duniani wenye vijana wanaotaka bendi. Sababu inaeleweka. Anayejifunza gitaa anaweza kujifunzia kitandani usiku, watoto wamelala. Dramu zinataka chumba, zinataka fedha, na zinataka majirani wenye subira. Kwa hiyo kila mtaa una wapiga gitaa na hauna mpiga dramu hata mmoja. Hapa tena kidumbak inasaidia, lakini kwa kiasi. Mpiga vidumbaki ana mikono iliyoiva, kasoro yake ni miguu, haijawahi kupewa kazi. Mdundo wa roki unaanzia chini, mguu wa kulia kwenye ngoma kubwa, kisha mkono wa kushoto unaipiga ile ngoma ndogo yenye nyaya chini yake, pigo la pili na la nne, bila ya kuchoka. Mtu wa kidumbak atataka kulijaza kila pengo, maana huko kwao ndivyo watu wanavyoinuliwa vitini. Kumzoesha aliache pengo liwe wazi, akae na pigo lile lile dakika nne nzima, ni kazi kubwa kuliko kumfundisha miguu.

Wapigaji wa beni, ile ngoma ya matarumbeta ya mitaani, wana faida nyengine. Wamezoea kupiga huku wanatembea barabarani, mmoja ana ngoma kubwa na mwengine ndogo, watoto wamewazunguka, na mwendo hautetereki. Na wapo vijana wa makanisani. Makanisa mengi ya kilokole nchini yana seti ya dramu na magitaa ya umeme, na kijana anayepiga humo kila Jumapili anajua maana ya kufika kwa wakati. Mpiga solo wetu ametoka kanisani. Sisi tuliobaki ni Waislamu, na jambo hilo halijawahi kuwa na uzito kwetu zaidi ya kupanga ratiba: wengine hawapatikani Ijumaa mchana, mwenzetu hapatikani Jumapili asubuhi.

Aliyepita Dhow Countries Music Academy naye asiachwe. Chuo hicho kipo tangu 2002, na kimewatoa vijana wanaojua kupiga udi, kanuni na fidla pamoja na kusoma nota. Siti and the Band, wanaochanganya taarab na midundo mingine, ni watu waliotoka humo. Sijui kwa nini tunamwona mpiga fidla wa taarab kuwa mtu wa ulimwengu mwengine. Fidla iliyopitishwa kwenye amplifaya inaweza kusimama pale ambapo bendi nyengine ingeweka gitaa la pili.

Watu wakisikia roki na Zanzibar katika sentensi moja, wanataja jina moja tu. Freddie Mercury alizaliwa hapa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Alisomeshwa India, na 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza. Tangu 2019 pana makumbusho yake Shangani, na nafurahi kwamba ipo. Lakini wageni wanapotoka pale na kuuliza wapi watasikia roki usiku huo, tunawaelekeza kwingine kabisa, na hilo linanitia simanzi. Mimi katika habari za Queen, bendi yake, navutiwa zaidi na namna watu wale walivyopatana. Mwaka 1968 mpiga gitaa Brian May na mwimbaji Tim Staffell walibandika tangazo chuoni Imperial College, London, kutafuta mpiga dramu. Akaja Roger Taylor, mwanafunzi wa udaktari wa meno. Freddie alikuwa rafiki yao tu, akija kuwasikiliza na kuwaambia wafanye hivi na vile. Staffell alipoondoka 1970, rafiki yule ndiye aliyeshika maikrofoni. Wapiga besi walipita kadhaa, wasikae, mpaka 1971 alipokuja John Deacon, mwanafunzi wa elektroniki.

Kwa hiyo mwimbaji wao alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Nawaomba wanaoanzisha bendi wasiwafukuze vijana wanaokaa barazani kusikiliza mazoezi. Binti anayetuimbia tulimpata hivyo hivyo. Alikuwa akija na kaka yake, anakaa mlangoni, na siku moja aliyekuwa akiimba akasahau ubeti, yeye akaumalizia kutoka alipokaa. Haikutosha kumwambia yeye tu njoo. Tulikwenda kwao, tukakaa ukumbini na wazee wake, tukaeleza mazoezi yanafanyika wapi, nani wapo na yanamalizika saa ngapi. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na nani atamrejesha nyumbani?" Tukamjibu kuwa kaka yake atakuwepo kila siku, na asipokuwepo yeye, hakuna mazoezi. Akasema, "Haya, wanangu, nimekuaminini." Adabu hii si usumbufu. Ndiyo iliyowafanya watu wa mtaa watuone kuwa ni watoto wao, tena haikuanza na sisi: Tausi ni kundi la taarab la wanawake watupu, wanaopiga vyombo wenyewe, na nyuma ya kila mmoja wao ipo nyumba iliyokubali.

Wakati wa mazoezi nao unachagua wanachama. Sisi tunaanza baada ya alasiri na tunazima kabla ya magharibi. Mzee jirani yetu alitwambia mapema, "Wanangu, pigeni, lakini ikiadhiniwa nisisikie hata uzi." Tukamwitikia, na tumelishika neno letu. Asiyeweza kufika saa kumi za jioni siku mbili za wiki hawezi kuwa mwenzetu, hata akiwa fundi wa namna gani. Mwezi wa Ramadhani hatupigi kabisa.

Miezi ina maana kubwa zaidi. Usianze kutafuta watu Julai wala Disemba; hoteli zimejaa, na kila mwenye vidole yuko pwani kutafuta riziki. Masika ndiyo wakati wake. Aprili na Mei mvua inanyesha, hoteli nyingi za ufukweni zinafunga au zinapunguza watu, na wapigaji wanarudi mjini kukaa bure. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, kwa hiyo Sikukuu ikimalizika tu, pita kwenye mabaraza, Kikwajuni, Jang'ombe, Michenzani, uwaulize. Bendi ikipata miezi miwili ya kufahamiana kabla wageni hawajarudi, inaweza kuuvumilia msimu ambao watu watakuwa wanakosekana.

Vyombo visimzuie mtu. Brian May na baba yake walianza 1963 kuunda gitaa kwa mikono yao, na mti wa shingo ulitoka kwenye fremu ya zamani ya sehemu ya kuotea moto. Deacon aliunda amplifaya ndogo kwa sakiti aliyoiokota kwenye taka, na sauti yake imo katika rekodi za Queen. Sisi wenye sanduku la kidumbak tunalielewa jambo hilo bila ya kufafanuliwa. Na umeme wenyewe hauaminiki sana: waya wa chini ya bahari ulipoharibika Disemba 2009, Unguja ilikaa gizani kiasi cha miezi mitatu. Ndiyo maana kila wimbo wetu mpya tunaupiga kwanza kwa gitaa kavu na kasha, na ukishindwa kusimama hivyo hatuuingizi kwenye spika.

Wapo wanaosema roki si yetu. Nawaheshimu, na wengine ni wazee wangu, lakini sikubaliani nao. Taarab iliingia kasri ya Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ikitoka Cairo, na ilikuwa ikiimbwa Kiarabu. Siti binti Saad aliiimba kwa Kiswahili, na 1928 akenda Bombay kurekodi. Leo nani atasema taarab ni ya Misri? Zambia miaka ya 1970 vijana wa bendi ya WITCH na wenzao walichukua magitaa ya roki wakayafanya ya kwao mpaka aina hiyo ya muziki ikaitwa zamrock. Kwa hiyo kopi za Kiingereza tunazipiga mazoezini, kwa ajili ya kunolea mikono, lakini hatutapanda jukwaani nazo. Tunatunga kwa Kiswahili cha hapa, kwa mizani na vina, na tumegundua kwamba ubeti wenye vina vya kati unakaa vizuri mno juu ya gitaa linalokwaruza. Pale sauti inapopumua, gitaa linajibu.

Watu wanne au watano wanatosha. Ukifika wanane, umeanzisha kundi jengine lenye katibu na mshika fedha, na mazoezi yatageuka vikao. Mpiga besi tunaye, solo yupo, mwimbaji yupo, mimi nashika ridhimu. Nafasi ya dramu iko wazi. Kama unapiga vidumbaki, dufu, beni au dramu za kanisani, na jioni saa kumi unaweza kufika, tunakuhitaji. Seti tunayo, ya mitumba, na kiti chake kimeshakazwa miguu. Ada utalipa kama sisi, na wimbo wa kwanza tutakaomaliza utakuwa na jina lako pamoja na yetu.