Kanda ya Saa Moja Inakula Saa Moja

Hivi ni nani alianzisha huu utaratibu kwamba mtu akijua kuweka paswedi ya waifai basi ndo fundi wa kila kitu chenye waya ndani ya ukoo? Maana kwetu mimi ndo huyo. Printa ikigoma naitwa, tv ikizingua naitwa, na juzi kati hapa mama kafungua kabati katoa begi jeusi lina kamera ya zamani, ile ya kanda ndogo za miniDV, na kanda zake zimefungwa na rababendi, akaniwekea mapajani. "Mwanangu hebu tuwekee hizi kwenye kompyuta, si ni kuchomeka tu?"

Si ni kuchomeka tu. Hiyo sentensi jamani iogopwe.

Kwanza betri ya kamera ilishakufa, haishiki hata sekunde, kwa hiyo lazima ikae kwenye adapta ya umeme muda wote, na adapta begini haimo, mle mna chaja za simu ambazo hata hizo simu hatuna tena. Ikaja kupatikana kwa dada, alikuwa ameichomeka kwenye kitu kingine kabisa, usiniulize kitu gani.

Halafu kile kimlango cha kanda. Mliowahi kuzishika mnakijua. Unakifungua, kinatulia kwanza, halafu unasikia zzzzz, kibebeo cha ndani kinanyanyuka taratibu kinakuja nje. Unaingiza kanda. Kuna sehemu imeandikwa PUSH, unabonyeza hapo tu, si pengine, kibebeo kinashuka chenyewe kwa muda wake kinaotaka, na mpaka kimalize kushuka ndo unafunga kimlango cha nje, ukilazimisha kinapinda na kanda inabaki humo humo. Baba akapita akanikuta nimekaa nangoja kishuke. "Kigandamize tu, unakiogopa nini?" Baba, shikamoo, naomba uende sebuleni.

Sasa waya. Ubavuni mwa kamera kuna tundu, limeandikwa kabisa USB, na mtu mwenye akili timamu akiona USB anachomeka. Kompyuta ikalia ting, moyo ukafurahi, kufungua nakuta picha za mnato za kwenye memori kadi, basi. Video hamna. Kumbe kwenye nyingi ya kamera hizi USB ni ya picha za mnato na kile kivideo hafifu cha kufanyia webkamu, video ya kwenye kanda ina mlango wake, kijitundu cha pini 4 upande wa pili kimefichwa chini ya kifuniko cha mpira kimeandikwa DV. Sasa si mngeweka hata kaonyo pale kwenye USB, mtu asifurahi bure?

Waya wa hicho kijitundu ni FireWire, kwingine utasikia i.LINK, kwenye makaratasi IEEE 1394, na upande wa kompyuta unakuta pini 6 au 9 au 4, inategemea kompyuta yako iliamkaje. Yangu iliamka haina kabisa. Leptopu za siku hizi hilo tundu halipo. Mtandaoni kuna vijiadapta vya kugeuza FireWire kuwa USB, rahisi, picha nzuri, na watu wanavinunua, na mimi nasema hivi, achana navyo, kile ni plagi imebadilishwa umbo tu, ndani hamna kitu cha kutafsiri, na hizi mbili haziongei hata salamu. Wenye Mac angalau walikuwa na njia ya kupachika adapta juu ya adapta, kutoka tundu la Thunderbolt la sasa kwenda Thunderbolt 2 kwenda FireWire, halafu mwaka 2025 ukaja mfumo endeshi mpya wa Mac, macOS 26, ukaondoa FireWire mazima. Kwa hiyo na nyie poleni.

Iliyotuokoa ni desktopu ya zamani ambayo kazi yake ilikuwa kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Ina nafasi ya kadi ya PCI, tukapachika kadi ya FireWire, na jirani mmoja anayejua mambo akanionya nizime vitu vyote kabla sijachomeka, maana ile plagi ya pini 6 ina umeme ndani, ukiilazimisha kinyume unaweza kuunguza tundu la DV la kamera, na hapo ndo unaaga.

Kadi ikaonekana. Kamera haikuonekana. Nikabadilisha draiva, ile programu inayoifanya Windows ielewane na kadi, nikaweka ya zamani, ile Windows inaiita legacy, zima washa, kamera hiyooo ikatokea, naanza kushangilia ikapotea. Imelala! Kamera yetu ikikaa dakika kadhaa haina kazi inajizima, haijali kwamba mwenzake bado anahangaika na menyu. Na swichi ikiwa upande wa kurekodi badala ya upande wa kucheza kanda, ukibonyeza play hakitokei kitu, unachoona kwenye skrini ni sura yako mwenyewe laivu, umekunja ndita mbele ya lenzi.

Haya, kanda ikazunguka. Viboksi. Uso wa shangazi umekatika viboksi viboksi, sauti inakuja inakata. Hedi chafu hiyo, kile kichwa cha ndani ya kamera kinachosoma kanda. Ipo kanda maalum ya kusafishia, kavu, unaicheza kama sekunde 10 hivi unaitoa, usizidishe maana ile inasugua hedi. Kaka, ambaye tangu asubuhi hajashika hata waya mmoja, akasema niiache izunguke mpaka mwisho ndo itatakata vizuri. Kila mtu fundi, ila wa mdomo.

Lakini hayo yote ningesamehe. Kinachoniua ni hiki, kanda haikopiwi, kanda inachezwa. Hakuna kukopi kupesti hapa, kanda ya dakika 60 inaingia kwa dakika 60, hamna kukimbiza, na kompyuta ukiipa kazi nyingine katikati inadondosha fremu, video inarukaruka. Kwa hiyo mimi nimekaa nalinda mausi. Mtu mzima, na kazi zangu, nalinda mausi. Na ndo nyumba nzima inakumbuka ina shida na kompyuta, huyu naprint karatasi moja tu, huyu naangalia kitu dakika moja, wakati hiyo desktopu tangu iwekwe mlangoni hakuna aliyewahi kuitaka hata kwa kuiota.

Na nahamisha nini sasa? Mshika kamera alikuwa mjomba, na mjomba ana tatizo moja, kile kitufe chekundu akimaliza kurekodi anakibonyeza mara mbili, ili ahakikishe. Ya kwanza inazima, ya pili inawasha. Kwa hiyo sherehe yenyewe unaiona kidogo, watu wanakaa, mtu anashika maiki, paap, imekatika, halafu kamera inaingia begini ikiwa inarekodi. Giza. Zipu inafungwa unaisikia vizuri. Giza linatembea, linapanda gari, linapigishwa stori na dereva. Na DV, huo mfumo wa kurekodi wa kanda hizi, haina upendeleo, inaandika megabiti 25 za picha kila sekunde, iwe kuna bibi harusi iwe kuna ndani ya begi, ukijumlisha na sauti na vikorokoro vyake saa nzima ni kama GB 13, kwa hiyo kwenye ile hadidiski yetu ya kubana kuna magigabaiti ya ndani ya begi, kwaliti kamili, hamna hata nukta ya giza iliyopotea. Nikataka kuruka hapo nipeleke mbele, mama akanishika mkono, "iache, hapo nasikia babu yako." Na kweli, mle gizani marehemu babu anagombana na mtu kuhusu funguo za gari, na zikapatikana mfukoni kwake mwenyewe, na akakataa kwamba ni zile. Mama akacheka mpaka akavua miwani. Haya basi, giza likabaki.

Tatizo la pili la mjomba, alikuwa anapenda kurudisha nyuma ajione alivyorekodi vizuri, halafu anaanza tena kurekodi mbele kidogo ameacha kipande kitupu. Hapo ile namba ya muda ya kanda inarudi 00:00:00, programu ya kuhamishia video inashtuka, inasimama au inafungua faili jipya, kwa hiyo kanda moja ikazaa utitiri wa faili na mimi siwezi hata kwenda kunywa maji. Na usiseme nizipange kwa tarehe, betri ndogo ya saa ya kamera ilikuwa mfu tangu enzi zile zile, kila tukio la ukoo huu limefanyika tarehe 1 Januari.

Nikawaita waje waone. Swali la kwanza si hongera, ni "mbona ina mistari?" Basi watu kwenye video wakikaa wako sawa, wakitembea tu wanaota meno ya kitana pembeni. Nikaeleza, jamani, picha za kanda hizi zinachorwa nusu nusu, mistari ya witiri kwa zamu yake na ya shufwa kwa zamu yake, tv zile za zamani zenye mgongo zilikuwa zinaelewana nazo, kompyuta yenyewe inazionyesha nusu zote mbili kwa mpigo ndo maana, ngoja niwashe deinterlace, kile kiondoa mistari, kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, yatakwisha. Kugeuka nikakuta amebaki mama peke yake, na yeye alikuwa anasikiliza kwa adabu tu.

Dada akaja na flashi ya GB 64, tupu karibu yote, anataka sherehe yake. Kompyuta ikakataa, faili ni kubwa mno. "Si ina nafasi?" Nafasi ipo dada, ila hiyo flashi imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haipokei faili moja linalofika GB 4, yaani DV ya dakika 18 na ushee ndo mwisho wake. Nikamwambia niifomati upya kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi unaopokea faili kubwa, ila vilivyomo vitafutika. Akasema vilivyomo visiguswe. Vitu gani? "Vitu vyangu." Basi nikate video vipande? Vipande hataki, anataka nzima nzima, na kile cha begi nikitoe. Mama akadakia kile cha begi hakitoki. Nikawaacha wajadiliane kwanza. Dada akasonya, akachukua simu yake, akaiegemeza kwenye kikombe mbele ya skrini, akabonyeza kurekodi, halafu akanigeukia akaniambia nisogee, nampigia kivuli.