Oti tuzipike kwa korosho, tui libaki kwenye samaki

Siku hizi hapa Mtwara mjini oti, ile nafaka ya kupikia uji, si kitu kigeni tena. Wenye presha na kisukari wanaambizana wazinunue, na mimi nafurahi. Ninachokipinga ni mapishi yetu: tui zito, sukari ya kumwaga, na juu yake maziwa ya kopo.

Oti zina nyuzinyuzi ziitwazo betaglukani. Zikipata maji na moto huwa na utelezi kama mlenda, na faida kubwa imo kwenye utelezi huo. Tumboni hunasa asidi za nyongo na kutoka nazo chooni. Ini, ili litengeneze nyingine, huchota lehemu, yaani kolesteroli, kwenye damu. Gramu 3 za betaglukani kwa siku hupunguza lehemu mbaya, na unazipata kwenye gramu 75 hivi za oti kavu. Tangu 1997 Marekani inaruhusu paketi za oti zitaje faida hiyo kwa moyo.

Sasa tui lina mafuta mengi ya aina inayopandisha lehemu hiyohiyo. Mimi ni mtu wa pwani na tui nalipenda sana, ila nalitaka kwenye samaki, si kwenye bakuli ninalokula kwa ajili ya moyo.

Korosho tunazo, na mafuta yake mengi ni ya aina nyingine, yasiyo na madhara hayo. Nunua chenga, zile zilizovunjika wakati wa kubangua. Ladha ni ileile na bei ni nafuu. Ziloweke usiku, asubuhi uzisage na maji kidogo mpaka ziwe rojo jeupe. Oti ziinjike na maji ya baridi, ukoroge taratibu. Mwiko ukianza kuacha njia, tia rojo lako, chumvi kidogo na iliki, kisha ponda humo ndizi mbivu. Sukari hutaikumbuka. Jioni mimi huzipika za chumvi, kwa kitunguu, nyanya na majani ya kunde.

Aliyezoea uji wa mtama usiokobolewa aendelee nao. Una nyuzinyuzi zake na mtama tunaulima wenyewe. Mwenye kisukari achague oti nene, siyo zile za kuiva dakika moja, kwani zilizosagwa sana hupandisha sukari haraka. Na dawa alizoandikiwa hospitali aendelee kuzimeza kama kawaida.